Leseni ya muuguzi haifutwi mkutanoni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji kimoja huku kwetu, kiongozi alimwita mbele muuguzi wa zahanati kwa sababu mama mmoja alilalamika kuwa alicheleweshewa huduma usiku. Binti hakuulizwa chochote. Akaambiwa tu, "Leseni yako nimeifuta kuanzia leo!" Watu wakashangilia.

Mimi ni mkunga mstaafu. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, wa kumwondoa mtu kwenye rejista, yaani orodha ya wanaoruhusiwa kufanya uuguzi, ni Baraza la Uuguzi na Ukunga. Si diwani, wala mwenyekiti wa kijiji. Hata mwajiri mwisho wake ni kumfukuza kazi, na aliyefukuzwa bado ni muuguzi, anaweza kuomba kazi kwingine. Aliyefutiwa usajili haruhusiwi kufanya uuguzi popote nchini. Ndiyo maana lazima asikilizwe kwanza: Katiba, Ibara ya 13(6)(a), inasema hivyo, na inampa haki ya kukata rufaa pia.

Na kusikilizwa si kubembelezwa, jamani. Ingeletwa orodha ya zamu, tuone usiku ule walikuwa wangapi. Ingeletwa patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, ya mama mwingine aliyekuwa akijifungua saa zilezile. Mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa humo kila nusu saa, kwa hiyo ingejulikana kama binti alikuwa na mzazi au alikuwa amelala. Nimeshaona patografu zilizojazwa asubuhi kwa mkupuo, wino uleule, nukta zimenyooka kama zimepigwa rula. Mwenye kufanya hivyo apelekwe Barazani, simtetei. Apelekwe na mwenye cheti cha kughushi, na anayeingia zamu amelewa, na anayemdai hela mama mwenye uchungu.

Mama yule ana haki ya kulalamika. Aandike, au asaidiwe kuandika, ataje tarehe na saa, ampelekee mganga mkuu wa wilaya na nakala Barazani. Kiongozi wetu naye, kama ana ushahidi, njia ni hiyohiyo. Kwa sasa binti arudishwe kazini, maana tangu siku ile yupo nyumbani na zahanati imebaki na mhudumu mmoja, usiku na mchana.

Mkunga mstaafu,
Kibaigwa, Dodoma