Si kila kosa la Rais ni kosa la msemaji wake

Bwana Mhariri,

Nimesoma mara mbili makala mliyoichapisha juma lililopita, ambamo mwandishi wenu alidai kwamba viongozi wetu wanafanya kazi nzuri ila wanakosa komunikasyo, yaani ufundi wa kuzungumza na umma, na kwamba laiti washauri wa habari wa Rais wangekuwa hodari zaidi, wananchi wasingenung'unika kama wanavyonung'unika. Dai hili nimelisikia tangu utoto wangu, chini ya marais wote niliopata kuwaona, nalo hutolewa kila mara kwa utulivu uleule, kana kwamba limekwisha kuthibitishwa. Naomba nafasi nilipinge. Sina shahada ya siasa. Nina studio ndogo ya picha hapa Kamalondo, Lubumbashi, ambayo nimeishi nayo kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya ufundi ambao mwandishi wenu anausifu ni ufundi wa picha.

Nianze na jambo nililolifanya kwa mikono yangu. Wakati wa kampeni moja, kijana kutoka kikundi cha mawasiliano cha mgombea fulani alinikodi nipige picha za mkutano wa hadhara. Uwanja ulikuwa umejaa theluthi moja tu. Kijana yule hakuniomba nidanganye hata kidogo. Aliniomba nishuke karibu na jukwaa na kutumia lenzi ndefu, kwa sababu lenzi ya namna hiyo huwabana watu, hata aliyesimama mita ishirini nyuma huonekana kama amemwegemea aliye mbele. Jioni alikuja studio, akavuta kiti, akakaa kando yangu mbele ya kompyuta, na kwa kidole akanionyesha upande wa kushoto wa picha, aliposimama mama mmoja muuza maji ya mifuko, beseni kichwani, na nyuma yake vumbi tupu hadi ukutani. Akasema, "Papa, huyu mama tumtoe." Nikakata. Kesho yake picha ilikuwa katika simu za mji mzima, na kila kilichoonekana ndani yake kilikuwa cha kweli. (Nusu ya malipo yangu naidai hadi leo, lakini hilo si la gazeti.)

Nasimulia haya ili nisionekane msafi kuliko nilivyo, na pia kwa sababu yanaonyesha kazi hii ilivyo: mtu wa picha haumbi kitu, anachagua mpaka. Kuchagua mpaka si dhambi. Bibi harusi akija kwangu nitatafuta upande wa uso unaompendeza, na Rais naye ana haki ya kutafutiwa upande wake. Nchini Marekani, Michael Deaver, msaidizi wa Rais Ronald Reagan, alisifika kwa ustadi wa namna hiyo. Tarehe 6 Juni 1984, katika kumbukumbu ya miaka 40 ya wanajeshi kushuka Normandie, Ufaransa, katika Vita vya Pili vya Dunia, Reagan alihutubia juu ya jabali la Pointe du Hoc, bahari ikiwa nyuma yake na askari wazee waliolipanda jabali lile wakiwa mbele yake, na saa ya hotuba ilipangwa ili Wamarekani waione katika televisheni zao za asubuhi. Mahali palikuwa pa kweli, wazee walikuwa wa kweli. Sioni aliyedhulumiwa.

Mambo hubadilika pale mpaka unapochorwa ili kukiacha nje kitu ambacho mwananchi ana haki ya kukijua. Franklin Roosevelt aliugua polio mwaka 1921, hakuweza tena kutembea peke yake, na bado aliongoza Marekani tangu 1933 hadi kifo chake mwaka 1945. Watu wa ofisi yake, Stephen Early akiwa mkuu wa habari, waliwazuia wapiga picha kumpiga picha akiwa katika kiti chake cha magurudumu, na wahariri wa wakati ule walikubali kunyamaza. Nimelifikiria sana suala hili kama fundi, na nakiri kwamba naona pande zake zote mbili, kwa maana miguu ya mtu haitawali nchi. Kwa François Mitterrand, Rais wa Ufaransa, sioni pande mbili. Aliahidi mwaka 1981 kutoa taarifa ya afya yake kila miezi sita, saratani ikagunduliwa mwaka huohuo, na Wafaransa wakaendelea kusomewa taarifa njema hadi mwaka 1992, alipofanyiwa upasuaji. Hapo wasaidizi hawakukata kona ya picha. Walibadilisha picha nzima.

Lakini kwa nini twende Paris, na sisi wa Lubumbashi tuna ya kwetu ambayo vijana wengi hawasimuliwi? Mji huu ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, serikali ya Moïse Tshombe, iliyotangaza kujitenga kwa jimbo letu la Katanga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, ilikuwa na ofisi yake ya habari New York, chini ya Mbelgiji Michel Struelens, ambaye kazi yake ilikuwa kuipamba Katanga machoni pa Wamarekani. Aliifanya kwa bidii kiasi kwamba serikali ya Marekani yenyewe ilitafuta njia ya kumwondoa. Basi tulikuwa na wataalamu wa komunikasyo kabla hata ya kuwa na bendera iliyotambuliwa na nchi yoyote. Kisha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, akaletwa hapa na kuuawa tarehe 17 Januari 1961, si mbali na mji. Kwa karibu mwezi mzima kifo chake hakikutangazwa. Tarehe 13 Februari Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani, akawaita waandishi wa habari na kuwaeleza kwamba Lumumba alikuwa ametoroka na kwamba wanakijiji ndio waliomuua. Hakuna msemaji duniani, hata angekuwa na ulimi wa asali, ambaye angeliuza neno lile. Serikali ya Katanga ilianguka Januari 1963, lakini uongo ule ndio uliosalia na jina lake, na hakuna gharama iliyotumika New York iliyoweza kuuosha.

Watu wa rika langu wanakumbuka pia televisheni ya Zaire ilivyofungua taarifa ya habari: anga, mawingu, kisha uso wa Rais Mobutu ukitokeza katikati yake na kutujia kama wa malaika. Sisi watoto wa shule tulitolewa madarasani, tukapangwa kando ya barabara itokayo uwanja wa ndege wa Luano, tukaimba na kucheza animasyo, yaani nyimbo na ngoma za kumsifu kiongozi, hadi miguu ikauma, na siku nyingine mgeni alipita gari likiwa limefungwa vioo. Nyuma ya maonyesho hayo alikuwapo kwa miaka mingi Dominique Sakombi Inongo, mtu mwenye kipaji, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wa mawasiliano wa Laurent-Désiré Kabila, yaani wa yuleyule aliyemfukuza Mobutu. Mwandishi wenu akitaka komunikasyo hodari, hiyo ndiyo iliyokuwa hodari. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja na kulia mbele ya kamera, na nchi nzima iliguswa. Zilipita siku 17 tu. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi wa chuo kikuu chetu walivamiwa kwenye kampasi na kuuawa, idadi yao ikibishaniwa hadi leo, na tangu asubuhi ile hapakuwa na machozi ya televisheni yaliyoweza kumfaa mtu katika mji huu. Waswahili wana neno lao: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nije sasa kwenye jambo ambalo makala yenu haikuligusa kabisa, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Msemaji anaweza kuwa mkweli na bado akasema uongo, ikiwa wakubwa hawamwambii kinachoendelea. Jerald terHorst, mwandishi wa gazeti huko Detroit, aliteuliwa msemaji wa Rais Gerald Ford mnamo Agosti 1974. Waandishi walipouliza kama Richard Nixon, Rais aliyemtangulia Ford na kujiuzulu kwa kashfa ya Watergate, atasamehewa, aliwajibu, kwa kadiri alivyoelezwa na wenzake, kwamba jambo hilo halimo katika mipango. Tarehe 8 Septemba Ford akamsamehe Nixon. TerHorst alijiuzulu siku hiyohiyo, akiwa amekaa kazini mwezi mmoja tu. Wengi humtaja kama mtu wa dhamiri, na ndivyo alivyokuwa. Mimi humwona zaidi kama fundi aliyegundua kwamba amepewa kamera isiyo na filamu.

Sisi tuliona jambo la jinsi hiyo, kwa uchungu zaidi, mnamo Januari 2001. Laurent-Désiré Kabila, aliyejitangaza Rais akiwa hapahapa Lubumbashi tarehe 17 Mei 1997, alipigwa risasi Kinshasa tarehe 16 Januari. Jioni ile Kanali Eddy Kapend, msaidizi wake wa kijeshi, alitokea katika televisheni akiwataka wanajeshi watulie, lakini hakusema kwa nini watulie. Kwa siku mbili tuliambiwa kwamba Rais amejeruhiwa tu, hali redio za ng'ambo zilikuwa zimekwisha kusema amefariki. Nakumbuka tulivyosimama mbele ya Posta, kila mmoja na redio yake ya mkononi, wenye Kifaransa wakiwatafsiria wasiokijua. Kifo kilithibitishwa rasmi tarehe 18. Mtu akiniuliza kwa nini Wakongo wanaiamini radio trottoir, yaani uvumi wa mitaani, kuliko taarifa ya saa mbili, namrudisha kwenye siku zile mbili. Hatukuzaliwa wapenda uvumi.

Sikatai kwamba kuna mabadiliko. Leo msemaji wa Rais ni Bi Tina Salama, aliyetoka Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini kwetu, na anayeijua kazi ya kuuliza maswali, na msemaji wa serikali ni mtu mwingine, Bwana Patrick Muyaya, Waziri wa Mawasiliano na Vyombo vya Habari, ambaye tangu 2021 amekuwa akiwaleta mawaziri wenzake mbele ya waandishi wa habari, kikao kikionyeshwa na RTNC, televisheni ya taifa. Kumkalisha waziri mahali anapoweza kuulizwa ni bora kuliko mawingu. Ila kipimo changu hakiko katika uzuri wa jukwaa wala wingi wa video fupi zinazotujia kwa WhatsApp zikiwa na muziki. Nasubiri lile swali la pili. Swali la kwanza kila msemaji huwa na jibu lake mfukoni; mwandishi akiruhusiwa kusema, "Lakini hukunijibu," na asinyang'anywe kipaza sauti, hapo ndipo nitajua kama aliye mbele yetu anaambiwa mambo au anapewa karatasi tu.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, kabla ya kuwaandikia washauri wa Rais kwamba waongeze bidii ya kupamba, mwandishi wenu angeuliza kwanza wanapamba nini. Mwalimu ambaye hajalipwa hahitaji msemaji amweleze kwamba amelipwa, na aliyekaa gizani usiku kucha huku Katuba hawezi kuaminishwa na picha ya Rais akikata utepe wa kituo cha umeme.

Nina ombi moja dogo, ambalo lipo ndani ya uwezo wa gazeti lenu. Katika toleo lilelile la makala, ukurasa wa tatu, mlichapa picha ya mapokezi ya kiongozi, umati umebanana kama dagaa katika mfuko, na chini yake hapakuwa na jina la mpiga picha wala la aliyeileta. Jicho langu liliitambua lenzi ile papo hapo. Picha inayotoka katika ofisi ya mawasiliano ya kiongozi iandikwe hivyo chini yake, kwa herufi zinazosomeka, na mkimtuma mpiga picha wenu, mwambieni apige moja akiwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mama wa maji.

Wenu,
Mpiga picha wa Kamalondo, Lubumbashi