Njia nyepesi ya kutafuta kigae cha ramani

Ndugu yangu Rashidi,

Salaam nyingi. Nimefurahi mno kusikia kwamba ramani yako ya vituo vya daladala imeanza kuonekana. Uliniuliza kuhusu ile fomula ya kutafuta kigae, yaani kipande cha mraba cha picha ambacho ramani za wavuti huunganishwa kutokana nacho, yenye logi, tanjenti na robo ya pai. Jibu ni kwamba yote hiyo unaweza kuiandika hivi:

Math.asinh(Math.tan(latitudo))

Thamani ni ileile. Fanksheni za haipaboliki, yaani sinh, cosh, tanh na vinyume vyake (asinh ni kinyume cha sinh), zimo ndani ya JavaScript, lugha ya programu za wavuti, tangu toleo la 2015, ila watu wengi hawazigusi.

Mchoraji ramani Mercator alipochora ramani yake mwaka 1569, alizidi kuivuta kuelekea kaskazini na kusini kadiri unavyoiacha ikweta, ili pembe zisiharibike. Ukijumlisha mvuto huo wote kuanzia ikweta, unapata asinh ya tanjenti. Ramani za wavuti hutumia mchoro huohuo, ila huukata jumla hiyo inapofika pai, juu na chini, ili uwe mraba. Sasa geuza hesabu: Math.atan(Math.sinh(Math.PI)), kisha badili kuwa digrii. Inatoka 85.0511, ile latitudo ya mwisho ya ramani za wavuti unayoiona kila mahali bila maelezo. Mimi jambo hili hunifurahisha kila nikiliwaza!

Tujaribu Dar es Salaam: latitudo -6.8, longitudo 39.28, kiwango cha ukuzaji (zoom) cha 12, ambacho kina vigae 4096 kila upande. Gawanya asinh kwa pai, toa jibu kwenye 1, gawanya kwa 2, zidisha kwa 4096, kisha tupa desimali. Safu ya mlalo ni 2125. Ya wima haihitaji haipaboliki: longitudo ongeza 180, gawanya kwa 360, zidisha kwa 4096, tupa desimali, ni 2494. Usisahau kugeuza latitudo kuwa radiani kwanza, na kumbuka safu za mlalo huhesabiwa kutoka juu kwenda chini.

Kwetu karibu na ikweta kuna faida nyingine. Njia ya logi, ukiipa latitudo sifuri, haitoi sifuri safi. Inaacha mabaki madogo mno upande wa hasi. Asinh inatoa sifuri kamili. Kwenye skrini hutaona tofauti, lakini msimbo unaosomeka na ulio sahihi zaidi, kwa nini tuuache?

Kigae kikikaa mahali pake, nitumie picha. Wasalimie nyumbani.

Wako,
Hamisi