Sanamu ya Picasso jijini Chicago haina mwenye hakimiliki

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kupiga picha mijini iliwaonya wasomaji kwamba sanamu zote za Chicago zina wenyewe, na anayeuza picha zake ajiandae kushtakiwa. Kwa Cloud Gate, sanamu ya chuma king'aavu jijini humo, onyo hilo lina msingi. Aliyeibuni, Anish Kapoor, anashikilia hakimiliki yake, na mwaka 2018 aliishtaki National Rifle Association, chama cha Marekani kinachotetea haki ya kumiliki bunduki, baada ya sanamu hiyo kuonekana katika video yao. Lakini mliitia kapu moja na sanamu iliyobuniwa na msanii Pablo Picasso, iliyoko uwanja wa Daley Plaza, na hapo mmekosea.

Picasso alikataa malipo ya dola 100,000, akaitoa zawadi kwa watu wa Chicago. Kabla haijazinduliwa Agosti 15, 1967, tume ya majengo ya umma iliyoiagiza ilionyesha hadharani mfano wake mdogo na kuyagawia magazeti picha, vyote bila alama ya hakimiliki. Kwa sheria ya wakati ule, kazi iliyotolewa hivyo ilipoteza ulinzi. Tume ilipong'ang'ania kwamba hakimiliki bado ni yake, mchapishaji mmoja aliifuata mahakamani, na mwaka 1970 jaji akaamua kuwa sanamu ni mali ya umma. Ipige picha, ichapishe kwenye kadi au fulana, uza. Huhitaji ruhusa ya mtu.

Nalisema hili kwa uchungu. Niliwahi kusimama mbele yake mlinzi akaniamuru nikunje stendi ya kamera kwa kuwa "sanamu ina hakimiliki". Nilikunja, maana sikujua. Wakati huohuo watoto wawili walikuwa wakiteleza kwenye mteremko wa chini ya sanamu, mmoja kavua viatu, mwanga wa jioni umeigeuza kutu ya chuma kile rangi ya asali. Picha ile sikuipata tena. Makala kama yenu ndiyo inayowapa walinzi maneno ya kusema.

Ni kweli sheria ya Marekani inachanganya. Inaruhusu kupiga na kuuza picha za majengo yanayoonekana kutoka mahali pa umma, lakini ruhusa hiyo haigusi sanamu. Kwa hiyo kila sanamu ichunguzwe peke yake, na hiyo ndiyo kazi ambayo makala haikufanya.

Naomba mchapishe sahihisho, tena kwenye ukurasa uleule. Na msomaji atakayefika Daley Plaza asiridhike na picha ya mbele ambayo kila mtu anayo. Azunguke taratibu hadi ubavuni: macho yale mawili yaliyosogeleana yatapotea, uso utakonda, na mabamba yaliyoonekana kama nywele yatafunguka kama mbawa. Kimo chake ni mita 15, basi arudi nyuma vya kutosha.

Msomaji wenu, mpiga picha