Barua ya Wazi kwa Ofisa Elimu: Tunaomba Dakika Kumi na Mwalimu

Mheshimiwa Ofisa Elimu,

Salaam, na pole kwa majukumu. Mimi ni mzazi wa watoto wawili, mmoja yuko darasa la tano, mdogo wake la pili. Hunifahamu, ingawa Jumanne iliyopita, kwenye mkutano wa wazazi shuleni, ulinisema kwa kirefu. Ulishika kipaza sauti ukatangaza kwamba wazazi wa siku hizi wamewatelekezea walimu watoto wao, kazi yao kuzaa na kununua sare. Mimi sikuwa ndani. Nilikuwa nje ya geti na wenzangu kama kumi na wawili, kwa sababu tulichelewa robo saa na mlinzi alikuwa ameagizwa asimfungulie mtu. Lakini tulikusikia vizuri sana. Spika zenu ni nzuri.

Naomba nieleze nilivyofika hapo getini, maana kwenye hotuba yako sehemu hiyo haikuwemo.

Tangazo la mkutano lilinifikia Jumatatu saa mbili usiku. Ilikuwa karatasi ya ukubwa wa kiganja, imekunjwa mara nne, iko chini kabisa ya begi la mtoto pamoja na maganda ya penseli. "Mkutano wa wazazi wote, kesho saa tatu asubuhi. Kuhudhuria ni lazima." Kesho, mheshimiwa. Mimi nafanya kazi ya zamu, na anayekosa zamu halipwi siku hiyo. Ilibidi nimpigie mwenzangu usiku nimsihi anishikie saa mbili za mwanzo, naye akakubali kwa kununa. Asubuhi alichelewa kunipokea, nami nikachelewa kwenu. Nikakuta geti limefungwa na ndani nazungumziwa kuwa sijali.

Sasa nikukumbushe jambo. Mwaka jana, katika mkutano kama huo, nilikuwemo. Nilikaa dawati la pili kutoka mlangoni, magoti yakinigusa kidevu kwa sababu madawati yale yametengenezwa kwa watoto wa miaka saba. Ulituahidi mambo matatu. Kwamba taarifa ya mkutano itatolewa wiki mbili kabla. Kwamba mikutano itapangwa siku na saa ambazo mtu wa kazi anaweza kuja. Na kwamba kila mzazi, kila muhula, atapata nafasi ya kukaa na mwalimu wa darasa la mwanawe, wawili tu, wazungumze. Tulikupigia makofi. Mimi niliyaandika nyuma ya risiti ya ada ya mtihani na risiti ninayo hadi leo, wino umefifia ila unasomeka. Mihula mitatu imepita. Kati ya matatu hayo hata moja halijatokea. Labda yako njiani.

Nitaacha mawili. Nitalilia hilo la tatu.

Jumatano, siku moja baada ya kufungiwa geti, nilikaa na mwanangu wa darasa la tano nikafungua madaftari yake yote. Sikuwahi kufanya hivyo kwa utulivu, nakiri. Kwa miaka yote nimekuwa mzazi wa kutia sahihi: mtoto analeta daftari, ananionyesha mstari, natia sahihi nikiwa nimesimama. Katika daftari la hisabati nikaona kurasa mbili zimegandana. Nilidhani zimemwagikiwa na kitu. Nikazipasua taratibu kwa ncha ya kisu, gundi ikatoa vumbi jeupe, na katikati nikakuta kalamu nyekundu: "Mzazi afike shuleni tuzungumze." Tarehe ilikuwa ya miezi minne nyuma. Mtoto akaangalia sakafu. Nikamuuliza kwa nini aligandisha. Akasema, "Niliogopa utapigwa kelele."

Mheshimiwa, rudia kusoma hapo. Hakuogopa kupigwa yeye. Aliogopa mimi nitagombezwa. Ameshaniona nikitoka kwenye mikutano yenu, anajua uso ninaorudi nao.

Alhamisi nikaomba ruhusa nyingine (zamu nyingine hiyo, na hela nyingine) nikaenda kumtafuta huyo mwalimu. Nilimpata akiwa amesimama koridoni, mkononi ana lundo la madaftari yanayomfika kidevuni. Hakunigombeza. Alifurahi. Alisema amemngoja mzazi wa mtoto huyu miezi minne, akaishia kuamini kwamba sitaki kuja. Nami kwa miezi minne niliamini hakuna tatizo, kwa kuwa hakuna aliyeniita. Akanionyesha daftari la mahudhurio. Ungeniuliza mtoto wangu amekosa shule siku ngapi mwaka huu, ningeapa ni mbili, ile ya homa na ile ya msiba. Daftari lilisema 19. Nyingi ni Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku wanayofanya jaribio la hisabati, na hisabati ilimpotea tangu walipoanza sehemu, yaani nusu, robo, theluthi. Anatoka nyumbani akiwa na sare na begi, hafiki.

Mazungumzo yale yalichukua dakika tisa. Najua kwa sababu kengele ililia tulipoanza na nilikuwa naiangalia saa, nikihofia kazi. Dakika tisa zimenipa nilichokosa katika mikutano yenu yote, ambayo ajenda yake ya kwanza ni michango, ya pili ni waliobakiza michango, na ya tatu ni mengineyo. Mengineyo hatujawahi kuyafikia.

Unapenda takwimu, hotuba zako zimejaa asilimia, basi nami nilikesha na simu nikatafuta zangu. Huko Philadelphia, Marekani, watafiti walifanya jaribio lililohusu familia zaidi ya 28,000 za watoto wenye dalili za utoro. Baadhi ya familia zilitumiwa barua kadhaa kwa posta katika mwaka wa masomo. Hazikuwa za kutisha wala za kuhubiri, zilimwambia mzazi tu mwanao amekosa siku ngapi mpaka sasa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: utoro sugu ulipungua kwa asilimia 10 au zaidi kwa waliopata barua zenye hesabu hiyo. Na sababu yake ndiyo iliyonichoma, kwamba wazazi wengi walidhani watoto wao wamekosa siku chache kuliko ukweli. Yaani ni mimi kabisa. Mimi na siku zangu mbili.

Nikakuta na nyingine ya Ufaransa, eneo la Créteil pembeni mwa Paris, mwaka wa masomo 2008–2009. Wakuu wa shule waliwaita wazazi wa watoto walioanza sekondari kwenye vikao vichache tu, wakaelezwa shule inavyokwenda na wao washike wapi. Madarasa yalichaguliwa kwa kura ili waweze kulinganisha. Utoro ukapungua, nidhamu ikapanda, na hata watoto ambao wazazi wao hawakutia mguu wakaanza kutulia kwa kufuata wenzao. Ni vikao vichache vya kuelezana. Sikuona mahali palipoandikwa kwamba geti lilifungwa.

Ulitaja pia Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989. Tulikusikia, kifungu cha 18, kwamba baba na mama wote wawili wana wajibu wa pamoja wa kumlea mtoto. Ni kweli, na ninakuunga mkono, maana kwenye ile foleni ya getini wanaume walikuwa wawili. Ila kifungu hicho hicho kina aya ya pili, inayoitaka serikali iwape wazazi msaada unaofaa ili waweze kuutimiza wajibu huo. Labda karatasi yako iliishia aya ya kwanza.

Sisemi wazazi hatuna makosa. Wapo wanaojua tarehe ya mechi kuliko tarehe ya mtihani. Mimi mwenyewe nimekiri sahihi zangu za kusimama. Lakini wengi wetu, mheshimiwa, tunaogopa shule. Tuliiacha tukiwa tunaiogopa na hofu ile haijaisha kwa kuwa tumekuwa watu wazima. Unaingia ofisini kwa mwalimu, mikono inajipeleka nyuma yenyewe. Na nadhani, hili ni la kudhani tu, walimu nao wanatuogopa sisi, wanahisi tunakuja kulaumu. Au labda ni wingi wa watoto darasani, mwalimu hana pumzi. Au labda juu yenu kuna mtu anayehesabu mikutano iliyofanyika, haulizi ndani kulisemwa nini. Sijui ni lipi. Pengine ni yote.

Kuna bibi mmoja jirani yangu ambaye analea mjukuu wake. Kusoma hajui. Mwaka jana alikuja shuleni kuchukua ripoti, akaomba wino aweke dole gumba, na watu wazima wenye elimu zao wakacheka. Hajarudi tena, na bila shaka katika orodha yenu ni miongoni mwa "wasiojali". Njoo nyumbani kwake saa moja jioni. Amekaa kwenye mkeka, mjukuu mbele yake na kitabu, anasoma kwa sauti. Bibi macho ameyafumba. Mtoto akikwama, akiunga herufi vibaya, bibi anasema, "Rudia, hiyo haijanyooka." Haijui herufi hata moja, lakini sikio lake linajua sentensi iliyonyooka. Mtoto anarudia mpaka inyooke. Kisha bibi anauliza, "Leo mwalimu kasema nini ambacho sikijui?" na mtoto anamfundisha. Ukurasa wa jana anautambua kwa tiki nyekundu, anazihesabu kwa kidole, zikipungua anataka maelezo. Huyo ndiye mzazi, mheshimiwa. Nilimwiga wiki hii. Mwanangu ananifundisha sehemu kila jioni, na tumegundua kwamba kumbe na mimi theluthi ilinipita.

Kama ungempa bibi huyo dakika kumi na mwalimu, mwalimu angeondoka na kitu.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Nilitaka kuandika mengi, taarifa za mapema, viti vya watu wazima, simu ya shule inayopokelewa, karatasi zisizopitia kwenye begi la mtoto mwenye gundi. Nimeyaacha. Naomba dakika kumi. Kila mzazi, kila muhula, dakika kumi na mwalimu wa darasa, kwa saa iliyopangwa, jina lake likiwa limeandikwa, hata kama ni saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kengele au jioni baada ya zamu. Ziwe dakika za kuzungumzia mtoto mmoja. Michango isitajwe humo. Mwalimu aseme mambo mawili: mtoto anaweza nini, na amekwama wapi. Mzazi naye aseme mawili: nyumbani kukoje, na mtoto anaogopa nini. Dakika kumi, mheshimiwa. Hotuba yako ya Jumanne ilichukua arobaini, tulikuwa tumesimama juani tukihesabu.

Utaniambia walimu hawana muda. Nimemwona yule na lundo lake la madaftari, nakuamini. Basi futa mkutano mmoja mkubwa kwa mwaka, ule wa kutugombeza, na muda wake uwagawie walimu. Mimi nisipokuja siku yangu, hapo nitaje jina kwenye kipaza sauti, sitalalamika.

Mwalimu wa mwanangu tayari amekubali kuniona tena Ijumaa ijayo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya jaribio. Kajitolea tu, hakuna aliyemwagiza. Nitakuja na mtoto mwenyewe, nimemshika mkono mpaka darasani. Nitafika mapema.

Naomba tu mlinzi aambiwe.

Wako mtiifu,
Mzazi wa nje ya geti