Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu: nukta iliyopotea

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Mimi si daktari. Nina duka la kopi na intaneti huku Langoni, karibu na Usita wa Mui, na wauguzi wa visiwani wakishuka mjini hupita kwangu kutoa kopi za fomu na miongozo ya matibabu.

Mwezi uliopita alikuja muuguzi kutoka upande wa Pate. Jina la zahanati yake nalihifadhi. Alitoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, kingo zimeliwa na unyevu wa chumvi. Ilikuwa mwongozo wa kumhudumia mtu aliyepatwa na mzio mkali. "Kaka, nitolee tano, ya ukutani haisomeki tena."

Ya kwanza ilipotoka nikaitazama. Ilikuwa kopi ya kopi ya kopi. Penye kipimo cha adrenalini kwa mtu mzima palisomeka miligramu 5, na mbele ya hiyo tano pana kidoa ambacho huenda ni nukta, huenda ni uchafu wa kioo cha mashine. Nikamuuliza. Akacheka: sindano ya msuli ni miligramu 0.5, anaijua kwa kichwa. Tofauti ni mara kumi, Mheshimiwa. Na karatasi ile haikubandikwa kwa ajili yake. Ilibandikwa kwa ajili ya mgeni aliyeripoti kazini juzi, yuko zamu peke yake saa nane usiku, maji yamekupwa na boti imekaa kwenye matope.

Aliyeiandika mwanzo angetanguliza sifuri, nukta ikifutika msomaji angeona "0 5" akashtuka. Tano iliyosimama peke yake haimshtui mtu.

Tena karatasi haikuwa na mwaka wala toleo. Matibabu hubadilika: Kenya iliamua mwaka 2004 kuiacha SP (sulfadoxine-pyrimethamine) kama dawa ya kwanza ya malaria na kuchukua AL (artemether-lumefantrine), ikaanza kutumika vituoni 2006. Karatasi isiyo na mwaka utajuaje ni ya kabla au ya baada?

Katika kazi yangu hili lilitatuliwa zamani. Taratibu za mawasiliano ya intaneti huandikwa kwenye nyaraka ziitwazo RFC, ya kwanza ikiwa ya Aprili 1969. Kila moja ina namba na tarehe, na ikishatoka haiguswi hata herufi. Kukiwa na marekebisho hutolewa nyingine, na juu yake huandikwa imefuta ipi. Ile ya TCP, utaratibu unaohakikisha data inafika kamili, ya mwaka 1981, namba 793, ilifutwa na namba 9293 mwaka 2022. Uangalifu wote huo, na wateja wangu wengi hutumia intaneti kutazama mpira.

Naomba ofisi yako iweke mafaili safi ya miongozo mahali ambapo zahanati yoyote itachapa upya badala ya kurudufu kivuli. Kila ukurasa uonyeshe toleo, mwaka, na karatasi ya zamani inayofutwa nao; boti inayopeleka dawa irudi na zile za zamani. Za wahudumu wa afya ya jamii ziwe kwa Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya lugha rasmi.

Siku ile nilimpa muuguzi kalamu nyekundu, akaandika sifuri na nukta kwa mkono kwenye kopi zote tano, akawahi maji. Ile aliyokuja nayo aliisahau ndani ya mashine. Ninayo dukani, ukimtuma mtu ataikuta.

Wako mtiifu,
Mwenye duka la kopi, Langoni