Lafudhi ya Kifaransa: tusikitupie Kiswahili lawama zote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodai kwamba vijana wetu wa sekondari wanatamka Kifaransa vibaya kwa sababu ya Kiswahili. Kwa sehemu kubwa mkosaji ni Kiingereza.

Mtu akishajua lugha moja ya kigeni, inapokuja nyingine ulimi mara nyingi huazima kwenye ile iliyotangulia, si nyumbani. Chukua neno "merci". Mswahili asiyejua Kiingereza atasema "mersi", na Mfaransa atamwelewa papo hapo. Aliyepitia Kiingereza chetu huimeza ile r, kama anavyoimeza kwenye "first". "Table" ya Kifaransa nayo hugeuka "tebo", maana jicho limeshaisoma Kiingereza kabla mdomo haujafunguka.

Dawa ni kuanzia kwenye sauti tulizo nazo. R ya Kifaransa hutoka nyuma ya kinywa, kwenye kidakatonge, na jirani yake ni gh. Mwanafunzi atamke "lugha" na "ghali" sawasawa, aivute gh hiyo sekunde mbili tatu, airudishe nyuma kidogo, kisha aingie kwenye "rouge". Anayesema "luga" atakwama hapo, kwa kuwa anaiziba hewa badala ya kuiacha ipite ikikwaruza. Baada ya p, t na k, kama katika "très", r hiyo hukosa mghuno, yaani mtetemo wa koo, na kuikaribia kh ya "kheri". Wengi huharibu kwa kutumia nguvu, wakasikika kama wanasafisha koo.

Irabu ya "tu" ya Kifaransa hatuna. Tamka "i" mfululizo, ulimi usisogee hata kidogo, kisha viringa midomo kama anayepiga mluzi. Ulimi ukirudi nyuma utapata u yetu ya kawaida, na kosa hilo si dogo: "dessus" ni juu, "dessous" ni chini.

Halafu kuna mpumuo, yaani pumzi inayofoka pamoja na sauti. P, t na k za Kifaransa hazina. Watu wa Mombasa wanaijua tofauti hiyo tangu utotoni, kwani paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo, paa wa porini hutamkwa nao. Shika kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo useme "Paris". Kikipepea, umesema Kiingereza.

Kiswahili nacho kina makosa yake, sikatai. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali wa Kifaransa huangukia silabi ya mwisho ya fungu zima la maneno. Tena tunapenda kubandika irabu pasipo na irabu. Na "bon" huwa "bong", kwa sababu nyuma ya ulimi imepanda ikaziba. Sauti ipite puani, ulimi ubaki chini.

Wenzetu wa Lubumbashi na Bujumbura wana shida hii kinyume chake: walianza na Kifaransa, hivyo Kiingereza chao huangusha h na kusukuma mkazo mwisho wa neno.

Ombi langu kwa wanaopanga ratiba: kipindi cha Kifaransa kisifuate kile cha Kiingereza moja kwa moja. Isipowezekana, dakika tano za mwanzo darasa lisome Kiswahili kwa sauti, maneno yenye gh na kh yakiwa mengi, ndipo kitabu cha Kifaransa kifunguliwe.

Mwalimu wa lugha,
Tanga