Usipeleke Mzigo Kabla ya Karatasi

Sisi huwaandalia watu zabuni, na wengi wanaotuletea faili za tenda za serikali huanza kwa kuuliza bei: nipandishe, nishushe, mwenzangu ameweka ngapi? Bei ina uzito wake, lakini hasara zinazowaangusha wafanyabiashara hapa Mombasa mara nyingi huanzia kwenye simu. Ofisi ya umma inapiga: "Lete mzigo leo, karatasi zitafuata." Mtu anapakia gari.

Afisa aliyepiga simu huweza kuhamishwa. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha hufungwa, na anayeshika kiti baada yake haoni hati ya kumwezesha kumlipa muuzaji. Sheria nayo haimbebi muuzaji. Kifungu cha 135 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 kinasema hakuna mkataba mpaka uandikwe na pande zote zitie saini. Hata barua ya kukujulisha kuwa umeshinda si mkataba. Ni lazima siku 14 zipite kwanza, ili walioshindwa wapate nafasi ya kulalamika, ndipo saini ziwekwe. Ukikopa benki kwa kutegemea barua hiyo peke yake, unahatarisha mtaji wako wote.

Wakubwa pia hunaswa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilikataa dai la Royal Media Services, kampuni ya redio na televisheni, dhidi ya IEBC, tume ya uchaguzi, la malipo ya matangazo yaliyokuwa yamekwisha kurushwa hewani, kwa sababu taratibu za ununuzi hazikufuatwa. Ikiwa kampuni ya ukubwa ule ilitoka mikono mitupu, mwenye duka la vifaa vya ofisi pale Majengo atashika nini?

Kwa kazi ndogo za kotesheni, yaani unapoombwa kutaja bei yako tu, LPO (hati ya ofisi ya kuagiza bidhaa) inatosha, ila nawe unatakiwa uithibitishe kwa maandishi. Hapa ndipo wengi husahau, na ni barua ya mistari miwili tu. Mzigo ukifika, usiondoke bila hati ya kukabidhi yenye saini, tarehe na muhuri, na uliza kamati ya ukaguzi na upokeaji itakaa lini, kwani ankara yako haisogei bila ripoti yao. Wakikwambia uongeze kazi "kidogo tu", omba idhini ya maandishi kwanza. Mabadiliko ya mkataba yaliyokubaliwa kwa mdomo hayana nguvu.

Kuna na makosa yanayofanya zabuni itupwe nje mapema: kurasa zisizo na nambari, fomu isiyo na saini, cheti cha kodi cha KRA, mamlaka ya mapato, kilichokwisha muda. Haya unaweza kuyakagua mwenyewe kwa jioni moja. Ukiamini umeonewa, una siku 14 za kufikisha malalamiko kwenye bodi ya rufaa za ununuzi. Usizimalize ukizunguka ofisi kuomba maelezo.

Tunaohofia zaidi wasipate hasara ni vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ambao wametengewa asilimia 30 ya zabuni za serikali. Fursa ni ya kweli, na tunataka waichukue. Lakini mtaji wao aghalabu ni pesa za chama cha kuweka akiba, na LPO moja isiyolipwa huvunja kikundi kizima.

Kwa hiyo tuletee barua, LPO au mkataba wako kabla hujatia saini wala kununua bidhaa. Kuzisoma na kukueleza hatukutozi kitu. Tunatoza tu ukitaka tukuandalie zabuni nzima.